Wakuu, mbegu za nyasi zimenifia mara mbili: vuli hii nichimbue ua wote au nirushie juu tu?

#1 Mgeni wa Columbus
Habari za humu wakuu. Nyumba yangu ipo Columbus, Ohio, tumehamia mwaka juzi, mjengo mpya kabisa. Ua wa mbele una futi mraba 2,000, wa nyuma kama 3,000. Waliojenga walimwaga udongo kiduchu juu, wakarusha mbegu, wakaondoka.

Mei mwaka jana nilinunua mfuko wa mbegu nikarusha kwa mkono. Ziliota haraka, zikapendeza hadi majirani wakasifia. Kufika Julai, kote rangi ya makuti. Oktoba nikarudia. Zikachomoza nyembamba kama nywele za kichanga, baridi ikaingia, na Aprili mbele nikabaki na vipara na magugu, nyuma angalau zilibaki nyasi kiasi.

Sasa ni wiki ya mwisho ya Agosti. Nilikosea wapi? Nikodi mashine ya kulima nichimbue kote, au nirushie juu ya zilizopo? Nafanya zamu ya usiku ghalani, mchana nimelala. Wanangu wawili wanacheza mpira kwenye tope, na inaniuma kila nikiwaona.

#2 Pwani Raha
Ngoja waje wajuzi. Nimetandika mkeka mbele kabisa.

#3 Mzee wa Reki
Mkuu, kosa lako ni kalenda. Nipo New Jersey, huu mwaka wa 14 natunza nyasi za watu.

Nyasi za huku kaskazini, yaani feskyu ndefu, blugrasi ya Kentucky na raigrasi, zote ni nyasi za baridi. Zinataka hewa ya digrii 60 hadi 75 za Fahrenheit, ambazo kwa vipimo vya nyumbani ni 16 hadi 24. Ukipanda Mei, mche unachomoza ukiwa bado haujashusha mizizi, jua la Juni linaukuta hivyo hivyo, na magugu ya kiangazi yanakula nao sahani moja. Ukipanda Oktoba umechelewa, maana Columbus baridi ya kugandisha huanza katikati ya mwezi huo na mche unahitaji kama wiki 6 kabla yake. Dirisha la usajili kwako ni katikati ya Agosti hadi wiki ya tatu ya Septemba. Sasa hivi liko wazi.

Usichimbue. Kata zilizopo zibaki inchi 2, kokota takataka zote kwa reki, kodi mashine ya kutoboa ardhi, ile inayong'oa vipande vya udongo kama vidole, pita nayo mara mbili. Rusha mbegu, zirekie kidogo zifukiwe robo inchi tu, mwagilia. Feskyu ni pauni 6 hadi 8 kwa futi mraba 1,000 penye kipara, na nusu yake penye nyasi.

#4 Bibi wa Limuru
Hamjambo wanangu. Kwani mbegu ya nini? Hapa Limuru mvua ya Aprili ikinyesha naomba nyasi ya kikuyu kwa jirani, nakatakata vipando, napanda hatua kwa hatua. Miezi michache imeshikana, hata ng'ombe akikanyaga haiumii. Mwambie mtu akubebee gunia moja kwa ndege.

#5 Mama Wawili
Shikamoo bibi. Gunia hilo litaishia uwanja wa ndege. Nyasi ya kikuyu imo kwenye orodha ya magugu yaliyopigwa marufuku na serikali kuu ya Marekani. California ilishaenea na wanahangaika nayo. Na hata ikipita, baridi ya Ohio itaiua Januari.

Ila bibi ana haki ya kujivunia: kikuyu kweli asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hii blugrasi wanayoiita ya Kentucky si ya Kentucky, ilikuja na wazungu kutoka Ulaya.

Mimi nipo Minnesota. Kwetu vuli inaanza mapema, mtu makini anapanda kati ya Agosti 15 na Septemba 15.

#6 Kijana wa Temeke
Subirini kwanza. Vuli gani hiyo isiyo na mvua? Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Nyie mnaita vuli majani yakipukutika.

#7 Pwani Raha
@Kijana wa Temeke neno moja, majira mawili. Na angalau nyumbani mtu anapanda vuli, huku nako kumbe wanapanda vuli. Tusigombane.

#8 Bwana Udongo
Mzee wa Reki kasema kalenda, mimi nasema udongo, na ninasema kwa uchungu kwa sababu yamenikuta hapa Pennsylvania.

Kwenye mjengo mpya, buldoza linakwangua udongo mweusi wa juu. Magari yanapita mwaka mzima juu ya udongo wa mfinyanzi uliobaki, unashindiliwa kama barabara, kisha unapakwa udongo mzuri inchi moja, kama siagi kwenye mkate. Mbegu yoyote itaota kwenye ile inchi moja. Mizizi ikigonga mfinyanzi inageuka kwenda pembeni. Julai inchi ile ikikauka, mche hauna pa kunywa. Hiyo ndiyo hadithi yako ya Mei, neno kwa neno.

Pima hivi: mwagilia usiku, asubuhi chukua bisibisi ndefu uisukume kwa mkono. Ikigoma kabla ya inchi 4, acha kununua mbegu. Nenda kwanza ofisi ya ugani ya kaunti yako, wale ndio mabwana shamba wa huku, wakuelekeze maabara ya kupima udongo. Nyasi hizi zinataka pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ya 6 hadi 7. Mimi nilikuta 5.3, nikawa nimemwaga mbolea miaka miwili bure wakati ardhi ilikuwa inalia chokaa.

Na hapa nampinga Mzee wa Reki: kama ni mfinyanzi mtupu, chimbua. Mwaga mboji inchi 1 hadi 2, changanya na udongo hadi kina cha inchi 5, sawazisha, shindilia kidogo kwa rola, ndipo upande. Kutoboa peke yake ni kumpa mgonjwa panadol.

#9 Mzee wa Reki
Nakuheshimu, lakini ukichimbua unaamsha mbegu za magugu zilizolala chini miaka, na ua ukishuka baadaye unapata mabonde. Nimeitwa kurekebisha mabonde hayo mara nyingi.

#10 Mgeni wa Columbus
Asanteni sana. Nimejaribu bisibisi sehemu kumi. Mbele ilisimama inchi ya 2, sehemu moja karibu na njia ya gari haikuingia hata inchi moja. Nyuma ilifika 5 bila shida.

Halafu nimekumbuka kitu. Machi mwaka jana kampuni moja ya kutunza nyasi ilinipa huduma ya kwanza bure. Walimwaga chembechembe za njano ua wa mbele wakasema zinazuia magugu. Sikuwaita tena. Inahusika?

#11 Mkongo wa Dayton
Bandugu, jambo. Miye niko Dayton, saa moja na kidogo toka kwako.

Inahusika sana! Ile ni dawa ya kuzuia mbegu zisiote, mara nyingi prodiamini au ditiopiri. Wanaimwaga Machi na Aprili kuzuia lile gugu la kiangazi linalotambaa, ambalo Wamarekani wanaliita nyasi-kaa. Dawa haijui gugu wala haijui mbegu uliyonunua kwa pesa yako. Nilimwaga mfuko wa mbolea yenye dawa hiyo ndani yake bila kusoma, kisha nikarusha mbegu za dola 90. Hakikutoka kitu.

#12 Mzee wa Reki
@Mkongo wa Dayton rudi kasome #1. Za kwake ziliota Mei tena vizuri. Dawa ingefanya kazi zisingechomoza.

#13 Mkongo wa Dayton
Nimesoma. Prodiamini haiui mbegu, inazuia mizizi kugawa seli. Mche unaweza kuchomoza kwa akiba iliyo ndani ya mbegu, unasimama kijani, halafu hauna mizizi, unakufa. Inafanana na alichosema Bwana Udongo, ila sababu nyingine.

Mgeni, usibishane na sisi, fanya jaribio. Chukua makopo mawili. Moja jaza udongo wa juu wa kipara cha mbele, jingine udongo wa nyuma. Panda raigrasi kwenye yote mawili, weka dirishani, lowesha. Raigrasi inaota siku 5 hadi 10. Kopo la mbele likigoma, dawa ipo. Likiotesha, ng'oa miche uangalie mizizi.

#14 Dada Mhasibu
Mimi nauliza swali la kihasibu: ulinunua mbegu gani? Huku sheria inalazimisha mfuko uwe na kibandiko chenye majina ya mbegu na asilimia zake. Kisome, maana picha ya mbele ya mfuko ni ya kupendeza tu.

#15 Mgeni wa Columbus
Dada, mfuko bado upo gereji. Raigrasi ya mwaka mmoja asilimia 38, feskyu 9, blugrasi 3, na vitu visivyo mbegu asilimia 49 na kitu.

#16 Dada Mhasibu
Umeona? Karibu nusu ya uzito uliolipia ni lile vazi la rangi wanaloivika mbegu. Inasaidia kushika unyevu kidogo, lakini haioti. Na mbegu nyingi iliyobaki ni raigrasi ya mwaka mmoja, ambayo huota haraka, inapendeza, joto likija inakufa kwa sababu umri wake ndio huo. Majirani walisifia nyasi iliyokuwa inakaribia kufa.

Tafuta mfuko wa feskyu ndefu tupu, aina mbili tatu zilizochanganywa, magugu asilimia 0.01 au sifuri, na tarehe ya kupimwa uotaji iwe ya karibuni. Bei itakuuma mara moja.

#17 Bwana Udongo
Dada kasema kweli kuhusu Mei. Ila Oktoba je? Na kwa nini nyuma kuna nyasi na mbele hakuna, wakati mfuko ulikuwa mmoja?

#18 Dada Mhasibu
Hajasema kama mfuko wa Oktoba ulikuwa huo huo.

#19 Mgeni wa Columbus
Ulikuwa huo huo. Niligawa.

#20 Mkaa Leicester
Salamu kutoka Uingereza. Huku Septemba nayo ndiyo yenyewe: udongo bado una joto la kiangazi, mvua imerudi. Sijaona mtu ametaja wadudu. Kwangu nyasi changa zilitoweka kwa mabaka. Kumbe ni mabuu ya yule mdudu mwenye miguu mirefu kama mbu mkubwa, anataga mwisho wa kiangazi na mabuu yanakula mizizi baridi nzima. Shika nyasi uvute. Zikinyanyuka kama zulia, chimba utazame.

#21 Mkongo wa Dayton
Huku zulia hilo ni kazi ya mabuu meupe ya mbawakawa, yaliyojikunja kama herufi C. Na Ohio tuna habari nyingine ya wadudu: Agosti na Septemba 2021 viwavijeshi vamizi vilishuka hapa kwa wingi, ua ukiwa kijani jioni, baada ya siku mbili umekuwa kahawia. Ni walewale waliotua Afrika mwaka 2016 na kumaliza mahindi ya watu wetu. Hawavumilii baridi ya kaskazini, nondo wanaletwa na upepo kutoka kusini kila mwaka. Nilipowaona kwenye ua wangu nilimpigia mjomba Bukavu, akanieleza walivyo kabla sijamtumia picha: alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, vidoa vinne vilivyopangika mraba karibu na mkia.

#22 Kijana wa Temeke
Mimi bado sijaelewa kwa nini mtu anapambana hivi kwa majani yasiyoliwa hata na mbuzi. Pandeni mchicha.

#23 Bibi wa Limuru
Ni nyasi, si majani. Majani ni ya chai.

#24 Kijana wa Temeke
Bibi, Dar sisi tunasema majani, na ng'ombe wanakatiwa majani. Shikamoo lakini.

#25 Mama Wawili
Kijana, kwenye mitaa mingi ya huku kuna chama cha wenye nyumba na kanuni zake, ua wa mbele unatakiwa uwe nyasi, na zikizidi urefu manispaa inaleta barua. Sukuma wiki zangu zipo nyuma, matuta manne, sijanunua mboga tangu Juni.

Ila umenikumbusha marehemu mama. Alikuja kututembelea kutoka Kondoa, siku ya tatu asubuhi nikamkuta ua wa mbele ameshika jembe, ameshapalilia kama mita mbili, udongo unang'aa. Kwake nyasi mlangoni ni maskani ya nyoka, na nyumba ya mwanamke anayejiheshimu uwanja wake unafagiwa alfajiri kwa ufagio wa chelewa hadi ubaki na michirizi. Sikumzuia. Nilikaa naye hapo nikamtengea chai. Kile kipande nilikipanda upya Septemba ile, na ndicho kizuri kuliko chote hadi leo, maana yeye ndiye aliyekilima vizuri.

#26 Bwana Udongo
Mungu amrehemu. Na ameniunga mkono: chimbua.

#27 Mzee wa Reki
Mita mbili kwa jembe la mama si sawa na futi 2,000 kwa mashine ya kukodi!

Mgeni, kuhusu usiku wako ghalani. Hata udongo uwe dhahabu, mbegu ikishaanza kuvimba kisha ikauka, imekufa, haifufuki. Inchi ya juu isikauke siku hata moja kwa wiki 2 au 3. Nunua kile kifaa cha saa kinachofungwa bombani, weka dakika 8 asubuhi, mchana na alasiri. Zikishaota zote punguza mara, ongeza muda, ili mizizi ifuate maji chini. Mei mwaka jana nani alikuwa anamwagilia?

#28 Mgeni wa Columbus
Mimi, saa 12 asubuhi nikitoka kazini. Mara moja kwa siku.

#29 Mzee wa Reki
Basi mimi nimemaliza.

#30 Bwana Udongo
Hujamaliza, nyuma nako kulimwagiliwa hivyo hivyo na kupo hai.

#31 Pwani Raha
Mimi nimeanza kununua reki na sina hata ua, naishi ghorofa ya nne Toronto. Swali: ile mbolea ya kuanzishia yenye namba ya katikati kubwa inafaa? Na majani makavu ya kufunika?

#32 Mama Wawili
Namba ya katikati kati ya zile tatu za kwenye mfuko wa mbolea ni fosforasi, inasaidia mizizi ya mche. Minnesota sheria inakataza kuiweka kwenye nyasi za kawaida kwa ajili ya maziwa yetu, lakini inaruhusu kwa ua mpya au kama kipimo cha udongo kimeonyesha upungufu.

Ya kufunika, tumia mabua makavu ya ngano, yatandaze kiasi, udongo uonekane nusu. Usinunue nyasi kavu za kulishia farasi, zina mbegu zake ndani. Mimi nilifanya kosa hilo nikavuna magugu ambayo sikuwa nayo.

#33 Mgeni wa Columbus
Wakuu, mrejesho. Leo ni Septemba 29.

Nimefuata kila mmoja kidogo. Makopo ya Mkongo: raigrasi iliota yote mawili, siku ya 6 nyuma, siku ya 8 mbele. Nimeng'oa miche, mizizi ya mbele mifupi kidogo, lakini ipo.

Ua wa mbele nimeugawa. Nusu ya kushoto nimechimbua na mboji, nusu ya kulia nimetoboa mara mbili tu. Nyuma sijagusa zaidi ya kurekia na kurusha. Feskyu ndefu tupu, pauni 7 kwa futi 1,000 mbele. Kifaa cha saa bombani. Nilipanda Septemba 6.

Kushoto zilichomoza siku ya 9 na sasa zina inchi 3, nzito, nimezikata mara ya kwanza jana na blade mpya. Kulia zilichomoza siku ya 11, zipo nzuri, nyepesi kidogo. Ila karibu na njia ya gari, upana wa kama futi 4, pande zote mbili, hakuna kitu. Sio kushoto, sio kulia. Watoto nimewazuia kwa kamba, wananiuliza kila siku kamba itatoka lini.

#34 Bwana Udongo
Hongera sana ndugu. Kushoto kunashinda, nilisema. Njia ya gari ni zege, chini yake na pembeni kuna kokoto walizomwaga. Chimba hapo uone.

#35 Mzee wa Reki
Hongera. Tofauti ya siku 2 si ushindi, mje mniambie Julai. Pembeni ya zege ni joto, zege linakausha udongo kabla kifaa hakijarudi kumwagilia. Ongeza mara mbili hapo tu.

#36 Mkongo wa Dayton
Udongo wa kopo la mbele uliutoa wapi hasa? Wale jamaa wa chembe za njano wanatembea na kile kigari kando ya njia ya gari, hapo ndipo zinamwagika mara mbili.

#37 Mama Wawili
Au chumvi. Mnamwaga chumvi kwenye zege wakati wa theluji? Inasukumwa pembeni pamoja na theluji.

#38 Mgeni wa Columbus
Udongo wa kopo hilo niliutoa katikati ya ua. Chumvi tunamwaga, ndiyo, mifuko miwili mwaka jana. Kesho nikitoka kazini nachimba pale pembeni, na najaza makopo matatu.

#39 Dada Mhasibu
Andika namba kwenye kila kopo.